Kuku wa Cornelius na Mahindi ya Mukuju

Haya ni kweli tupu, na anayebisha aende Busia akayaulize mawe yenyewe, maana yalirushwa mengi.

Kuku wa Cornelius walikufa wote asubuhi moja. Cornelius, mpagazi wa mpakani upande wa Kenya, alikuwa amewatupia mahindi aliyonunua kwa Okwi, mchuuzi wa Mukuju, ng'ambo ya Uganda. Tangu utotoni alisikia Waganda wana roho ya sumu; aliyemwambia naye aliambiwa. Leo kuku walikuwa mashahidi.

Basi Okwi alipovusha baiskeli yake yenye magunia, rungu la Cornelius lilimpokea mdomoni. Meno yakatua vumbini.

"Umekuja kutumaliza, sio?"

"Hata mimi nakula hii mahindi na watoto yangu, ndugu!"

"Ndugu yako nyoka!" akafoka Kevo wa bodaboda, akamvisha tairi shingoni. Umati ukawazunguka, petroli ikanuka.

Hapo akatokea Syprose, mwalimu wa ngumbaru, dada ya mke wa Cornelius. Hakuomba. Aliburuta gunia kutoka stoo ya Cornelius mwenyewe, akalipasua kwa kisu. Mahindi yakamwagika, kijani kwa kuvu.

"Shemeji, haya ya nani?"

"Yangu. Ya shambani."

"Kuku walikula yapi?"

"Ya Okwi... na hayo."

"Uliyaanika wapi?"

"Chini. Kama kila mtu."

"Na wewe, Okwi?"

"Chini pia, mwalimu," Okwi akajibu, damu ikimchuruzika kidevuni.

"Mvua ikawanyeshea wote. Sumu ni hiyo kuvu, na kuvu haiulizi kitambulisho."

Mnadhani umati ulitulia? Wapi! "Kumbe muuaji ni huyu!" Tairi likahama. Cornelius akahisi mpira ukimkwaruza masikio, jiwe likampasua paji la uso. Aliangalia nyuso za watu aliobeba nao mizigo miaka yote. Hakuna hata mmoja aliyemjua. Ndipo akajua Okwi alikuwa ameona nini.

"Asiyejua hufundishwa, hachomwi!" Syprose akanguruma, akang'oa tairi kwa mkono mmoja, akalirusha, likapaa juu ya Malaba, likaning'inia kwenye jabali la Tororo, na lipo hadi leo.

"Wee mzee, wacha!" Okwi huyo, na mapengo yake, akamkatiza msimuliaji kutoka kati ya wasikilizaji. "Tairi tulitoa mimi na mwalimu, tunavuta kama jino. Na Kevo alimpiga mwalimu teke, mbavu ikavunjika. Hiyo mbona unaruka? Na somo lake la kuanika kwa turubai, nani anakuja? Mimi na Cornelius tu!"

Msimuliaji akahukumiwa palepale kwa uongo wake: faini ya chungu cha ajono, ile pombe ya ulezi. Akalipa. Maji moto yakamiminwa, mirija mirefu ikaingia chunguni, mrija wa Cornelius ukisuguana na wa Okwi. Msimuliaji mwenyewe alipewa mrija uliotoboka.