Usisukume, Zein

…na kwa mara ya saba Zein asema Bismillahi, na kwa mara ya saba kidole chake chakisukuma kigari, hata kipofu angekiona, na Mwalimu Fadhiya ashika kichwa, astaghfirullah, atamwambiaje mtoto wa Kiislamu asitaje jina la Mola, jina halina kosa, kosa ni la kidole, "Kiachilie tu, baba, ubao umeinama, kitateremka chenyewe," "Wallahi, Mwalimu, sikukisukuma," "Ah, Zein, hiyo si Bismillahi, hilo ni teke," asema Sidi aliyeshika simu ya kupimia sekunde, na kidato cha pili kizima chacheka, kigari chenyewe boksi la maziwa, magurudumu vifuniko vya soda juu ya vijiti vya mishikaki, mara sekunde mbili, mara tatu, mara moja na nusu, vipimo hivi watavichorea grafu gani, Ya Rabbi nipe subira… subira, kila mtu amemwambia subira, na hao hao ndio wenye haraka, Jumapili ametoka eda, Jumatatu kanga za eda zingali kambani na shemeji Mzamil yuko sebuleni, "Bismillahi, shemeji, kuna mtu mwema, ana duka Tononoka, anakutaka kwa heshima, Alhamisi baada ya Alasiri tutakuja kuchukua jibu," naye akajibu inshallah, kwa kuwa ndilo neno lililokuwa karibu, na leo ndiyo Alhamisi, na wifi zake washaulizana watavaa nini, kama kwamba amekubali… na mumewe Riyadh, Mungu amrehemu, akirudi kutoka bandarini Kilindini hasemi neno mpaka anywe maji, polepole, bilauri nzima, na yeye Fadhiya alikuwa akikasirika, sema basi, bwana, leo angemngoja hadi Isha… "Mwalimu, tuandike ngapi?" "Usiandike kitu, Sidi." "Lakini kengele yakaribia, Mwalimu, si tutie mbili tu, ya katikati?" tutie tu! kitu hamkukipima, mnakiandika kwa kuwa kengele yakaribia… na hapo aacha kuwalaumu, kwa sababu neno lake la ndiyo leo lingekuwa vivyo hivyo, si kwamba amempima mtu huyo, hamjui hata sauti, ni kengele tu, na Mzamil si mbaya, alimteremsha nduguye kaburini kwa mikono yake, ana haraka ya kumwona ametulia, basi na awe nayo haraka yake… "Rudisheni juu," asema, "tutarudia hata mara ishirini," "Ishirini, Mwalimu!" nao waguna, na kigari kiko tena juu ya ubao, na kidole cha Zein kiko pale pale, na Alasiri watakuja, atawapikia kaimati, atawakaribisha vizuri, kisha atasema, shemeji, eda ya sheria nimeimaliza, kumlilia ndugu yako bado, na asiyeweza kungoja ana ruhusa aende… "Bismi…" aanza Zein, akimtazama Mwalimu, si kigari.