Askari Ishirini wa Faustine

Mimi ni mtunza stoo. Miaka kumi na minne nimeshika funguo za stoo ya dawa katika hospitali moja hapa Njombe, na kazi hiyo imenifundisha kwamba mtu akianza kukueleza sana, wewe hesabu maboksi upya. Sisemi hivi ili nijitetee. Nasema ili ujue ni mtu wa namna gani aliyemkabidhi Faustine askari ishirini mwezi wa Mei.

Askari wenyewe ni wa plastiki, urefu wao hauzidi kiungo cha kidole gumba. Aliniachia Mjerumani mmoja aliyekuwa akifundisha umeme kwenye chuo cha ufundi cha kanisa, akiishi nyumba ya pili kutoka kwangu. Alinifundisha na mchezo wake: mnapanga majeshi mezani, mnapima mwendo kwa rula, mnarusha dadu, na mwisho jeshi moja linabaki limesimama. Lakini kabla ya kucheza unampaka kila askari rangi kwa brashi nyembamba, kanzu, mkanda, ndevu, mpaka macho. Ni kazi ya kukufanya usahau kupumua, na mimi niliipenda tangu siku ya kwanza. Alipoondoka aliniachia boksi la askari arobaini ambao hawajaguswa. Nikakaa nao miaka mitatu, nawasubirishia jambo la maana.

Faustine ni fundi simu wa Makambako, mtu wa Lupingu kule ziwani, aliyepanda huku kwenye baridi kutafuta kazi akaishia kuoa. Nilimpelekea simu yangu iliyopasuka kioo. Alipoiwasha akaona picha ya askari niliyempaka, akaacha kila kitu akaniuliza ile nyekundu nimeipataje. Tangu siku hiyo tukawa tunacheza Jumamosi, mara kwangu, mara kwake. Ananiita dada kwa sababu nimemzidi miaka kumi na moja, na kwa kweli nilimchukua kama mdogo wangu, ingawa mdogo wangu wa kuzaliwa naye simkabidhi hata mwavuli.

Mwaka huu likatangazwa tamasha la michezo ya mezani Dar es Salaam, mwezi wa Agosti. Timu ni watu wawili wenye jeshi moja. Sharti kubwa liliandikwa kwa herufi nene: rangi ipakwe na mikono ya wachezaji wenyewe, na ikibainika kazi imefanywa na mtu mwingine, timu nzima itaondolewa na haitapokelewa tena. Timu nzima. Hayo maneno mawili niliyasoma mara nyingi kuliko mengine yote. Sijawahi kutamani kitu kama nilivyotamani kuliweka jeshi langu kwenye meza ile, mbele ya watu wanaojua wanachokitazama.

Tukagawana. Mimi nikachukua wapanda farasi ishirini, yeye askari wa mikuki ishirini. Kabla ya kumpa niliwageuza mmoja mmoja, nikachora kwa sindano mstari mdogo chini ya kile kisahani wanachosimamia. Usiniulize kwa nini. Kitu kinachotoka kwenye stoo yangu lazima kiwe na alama. Halafu nikamhesabia, yeye akiwa amekinga mikono. Nikarudia kuhesabu.

Juni ikaingia, na Faustine akaanza kuchelewa kujibu meseji. Alikuwa mtu wa kujibu kabla hujaweka simu chini, sasa nikiandika asubuhi najibiwa jioni, tena neno moja, "Naendelea." Nikamwomba picha. Akanitumia moja, askari watatu wamepigwa kwa mbali, kama picha ya harusi iliyopigwa na mtu aliyekuja kula tu. Nikamwambia nitapita Jumamosi. Akasema Jumamosi hayupo. Nikasema basi Jumapili baada ya ibada. Akasema mke wake, Hyasinta, ana wageni.

Jumamosi nikaenda bila kumwambia. Duka lilikuwa limefungwa, saa nane mchana. Feliciana, anayeuza makava ya simu hapo jirani, akanisalimia vizuri kabisa.

"Kamwene, dada. Unamtaka Faustine? Siku hizi anafunga mapema. Utampata kwa yule fundi anayechonga sanamu za makanisani."

"Anafanya nini huko?"

"Sijui. Akienda ndio ameenda, mpaka jua lizame."

Nikamshukuru. Nikaingia mgahawani, nikaagiza chai, nikainywa bila kuisikia. Yule fundi nilimjua kwa kazi zake. Anachonga watakatifu na kuwapaka rangi mwenyewe, na macho yao yanakutazama popote unapokaa. Faustine macho yalikuwa yanamshinda. Kila mara alikuwa ananiambia, dada, macho nitakuachia wewe. Nikaweka hilo na lile pamoja, nikapata jumla, na jumla haikunipendeza.

Katikati ya Julai akaniita mwenyewe, sauti imechangamka. Nikakuta duka liko wazi, boksi liko juu ya meza. Alipofungua kifuniko niliinama karibu. Askari ishirini, kila mmoja na uso wake. Mmoja kachoka. Mmoja anamtazama mwenzake wa pembeni kwa jicho la kutomwamini. Mikunjo ya nguo ilikuwa na kivuli chake, na rangi ilikuwa nyepesi, imetulia. Mkono wa Faustine mimi naujua: anajaza rangi mpaka askari anaonekana amevaa makoti mawili. Huu haukuwa mkono wake.

"Vipi, dada? Mbona kimya?"

"Wazuri," nilisema. "Wazuri sana."

Nikaona vidole vyake. Vitatu vya mkono wa kushoto vilifungwa plasta, na kimoja cha kulia.

"Umeumia?"

"Vioo vya simu hivi," alisema, na alisema haraka. Mimi nikawaza, mtu mwenye vidole hivyo anashikaje brashi?

Mteja akaingia na simu isiyochaji. Faustine alipomgeukia nikachukua askari mmoja, nikampindua. Chini palikuwa pamepakwa rangi nyeusi, laini, hakuna mstari. Nikampindua wa pili. Wa tatu. Wa nne. Niliwapapasa kwa ukucha na sikuhisi kitu. Hawa hawakuwa askari wangu. Nikaomba niondoke nao, akasema vanishi haijakauka, atawaleta mwenyewe siku ya safari. Akalifunga boksi na kulisogeza upande wake.

Nilikaa na jambo hilo siku tatu. Kazini nilitoa dripu badala ya glovu, jambo ambalo halijanipata tangu niajiriwe. Niliona waziwazi kitakachotokea: majaji watamwita Faustine pembeni, watampa brashi, watamwambia paka jicho moja tu tuone, na mimi nitatoka ukumbini nyuma yake nikiwa nimebeba farasi wangu. Hasira zikanipanda. Nikamwandikia Juliana, mwandaaji wa tamasha. Nikamweleza kwamba askari wa mikuki wa timu yetu wamebadilishwa, kwamba wale wa mwanzo walikuwa na alama ya sindano chini na hawa hawana, na kwamba kuna mchonga sanamu anayehusika. Nikaomba jina langu lisitajwe. Nikaomba pia, kama inawezekana, niruhusiwe kushiriki peke yangu. Hilo la mwisho nililiandika, nikalifuta, nikaliandika tena.

Ijumaa Faustine akapiga simu.

"Shikamoo, dada Esnath."

"Marahaba."

"Nimeshtakiwa Dar. Wanasema nimenunua kazi. Nakuomba uje nyumbani kesho. Nataka uwepo nikiwajibu."

Njia nzima ya Makambako nilikuwa natengeneza uso wa mtu anayeshangaa. Hyasinta alinikaribisha, akanimiminia chai, akaweka viazi vya kuchemsha mezani. Alikuwa mtu wa kunitania kila nikija. Siku hiyo aliweka sahani akarudi jikoni.

Faustine akaleta bakuli la plastiki, akalimwaga mezani. Vilitoka vitu vya kijivu vimejikunja. Nilichelewa kuvitambua. Ni miguu niliyoitambua kwanza, halafu mkuki mmoja uliopinda mpaka ukamgusa mwenyewe tumboni.

"Ni wale wako," alisema. "Ilikuwa wiki ya pili ya Juni. Ukungu ulishuka mpaka mlangoni, nikawapaka rangi ya kwanza ikakaa siku mbili haijakauka. Nikawapanga kwenye waya juu ya jiko la mkaa, pale tunapokaushia soksi za watoto. Mteja akanipigia, nikatoka nje kutafuta mtandao. Niliporudi walikuwa wameinama wote."

Kila mtu wa huku anakausha kitu juu ya jiko mwezi wa Juni. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekausha farasi wangu kwenye waya kama huo kwangu, ila niliwatazama kila dakika kwa sababu siwaamini hata mkaa.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilitaka. Nikashika simu. Halafu nikakumbuka ulivyonikabidhi, dada. Ulinihesabia mara mbili." Alisema hivyo bila kunilaumu, kama anayeeleza simu imeharibika wapi. "Nikaona bora nikuletee ishirini kuliko nikuletee maneno."

Akafungua simu yake akanionyesha picha, moja baada ya nyingine, zikiwa na tarehe. Gogo la mti wa peasi. Vipande vilivyokatwa sawasawa. Askari wa kwanza, mwenye kichwa kikubwa na mguu mmoja. Askari wa nne, anayekaribia kuwa mtu. Mkono wake mwenyewe ukivuja damu juu ya patasi ndogo. Yule fundi wa sanamu alimwazima patasi, akamfundisha namna ya kukata bila kuvunja mkuki, na namna ya kupaka jicho: unaanza na weusi wote, halafu unarudisha weupe pembeni. Hakugusa askari hata mmoja. Faustine aliharibu thelathini na tatu ili apate ishirini.

Alichukua mmoja, akamkwangua chini kwa wembe. Ukatokea mti, mweupe wenye wekundu kidogo.

"Picha ya huu mti ndiyo nitawatumia Dar," alisema. "Watapima rangi, watanipa brashi, nitapaka. Hilo halinisumbui."

Halafu akanisomea meseji ambayo Juliana alimtumia, bila jina la mwandishi. Alisoma polepole, mpaka kwenye alama ya sindano. Akaacha kusoma. Akaokota mmoja wa wale walioyeyuka, akampindua, akamsogeza mbele yangu. Kisahani kilikuwa kimejikunja, lakini mstari ulikuwepo.

"Nilikaa nao wiki tatu," alisema. "Sikujua wana alama. Nimeitafuta jana baada ya kusoma hii."

Nilikuwa nimeandaa uso, sikuwa nimeandaa neno.

"Ni mimi," nilisema.

"Najua."

"Faustine, niliogopa. Niliona wataniondoa pamoja na wewe."

"Najua, dada. Umeandika na hilo."

Nilimwomba msamaha pale mezani, na machozi yalinitoka, na sikuyafuta kwa sababu niliona aibu hata ya kunyanyua mkono. Jikoni Hyasinta alikuwa anaosha vyombo ambavyo nadhani vilikuwa safi. Faustine alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema amenisamehe, akasema yaishe, chai inapoa. Alisema vizuri, na mimi nikamwamini, kwa kuwa nilitaka sana kumwamini.

Agosti tukaenda Dar. Juliana akatuweka mbele ya majaji watatu, wakampa Faustine askari mtupu na brashi. Akapaka uso wote kwa dakika ishirini na tano, mkono hautetemeki, watu wamemzunguka. Jaji mmoja aliomba amshike yule askari anayemtazama mwenzake, akakaa naye muda mrefu. Tukapewa nafasi ya pili kwa rangi. Tulipigwa picha tumevaa fulana za kijani ambazo Hyasinta alitushonea nembo. Kila asubuhi Faustine aliniamkia shikamoo, dadu zikitoka vizuri alicheka, zikitoka vibaya alinitania kwamba nimezihesabu sana. Mtu asingejua kitu.

Siku ya pili mchana akasikia njaa. Akawarudisha askari wake ndani ya boksi, mmoja mmoja, akafunga kifuniko. Mimi nilikuwa nimekaa palepale, upande wa pili wa meza, naandika alama za mchezo. Nilikuwa tayari kumwambia aende, nipo. Akanyanyuka na boksi, akaenda meza ya jirani kwa mzee mmoja wa timu ya Arusha ambaye tulikuwa tumemjua asubuhi ile.

"Samahani, mzee wangu, naomba uniangalizie hili. Nakuja sasa hivi."

Akaondoka kwenda kutafuta chakula, akaniuliza akiwa njiani kama aniletee wali au chipsi, nikasema wali. Yule mzee alinitazama. Akaitazama fulana yangu ya kijani, iliyofanana na ya mwenye boksi. Halafu akalivuta lile boksi kidogo, akaliweka upande wake.