Mwenye Jina

Simu iliita Jumanne asubuhi, wanachuo wakiwa kwenye foleni ya uji na vikombe mkononi. Namba ilikuwa ngeni. Tunu akapokea.

"Naongea na Esteria?"

"Ndiye mimi," akajibu Tunu, bila hata kufikiri.

"Haya. Na mimi ni Esteria. Esteria wa mzee Longinus, wa kule mbele ya Kumsenga. Nadhani unanijua."

Zamu yake ya uji ikafika, mpishi akammiminia, akaondoka nao. Hakuunywa.

Tulinyooshe jambo hili mapema, maana pale chuoni hakuna aliyelijua. Katika chuo kile cha ualimu, nje kidogo ya Kasulu mjini, binti huyu alikuwa Esteria Longinus. Kitambulisho cha taifa kilisema hivyo, cheti cha kidato cha nne kilisema hivyo, cha sita vilevile. Kwao Kibondo, mama yake, jirani zake na hata mbuzi wao walimjua kama Tunu binti Majaliwa. Alifanya mtihani wa darasa la saba kwa jina lake, akafeli. Kurudia kulikatazwa. Lakini vijijini watu walikuwa na njia yao: anatafutwa mtoto aliyeacha shule, jina lake bado limo kwenye rejista, aliyefeli anakalia lile jina na kurudi darasani kama mtu mpya. Mwaka ule jina lililokuwa wazi lilikuwa la Esteria, aliyeachishwa shule darasa la sita kwa sababu mama yake alikuwa mgonjwa. Tunu akaliingia, akafaulu, akaenda nalo sekondari, na halikumtoka tena. Ilikuwa miaka kumi na miwili sasa.

Na maisha ya jina la kuazima yana vituko vyake. Binti wa Kiislamu, mtoto wa muuza kanga, kila kipindi cha dini alikuwa anapelekwa kwa Wakatoliki. Salamu Maria aliijua kuliko wengi waliobatizwa. Firdausi, waliyelala naye chumba kimoja chuoni, alikuwa akimsifia kwa wenzake kila Ramadhani: "Shoga yangu huyu Mkristo, lakini ana adabu, mpaka kufunga ananisindikiza." Tunu alikuwa akicheka, kisha anaingia chooni kukaa humo kidogo.

Esteria wa kwenye simu hakugomba. Alisema taratibu, kwa Kiswahili chake cha Kiha, kwamba Kibondo mjini kumefunguliwa darasa la watu waliokatiza masomo, naye anataka kusoma. Walimtaka alete barua kutoka shule yake ya msingi. Akaenda. Mwalimu mkuu wa sasa, kijana mgeni tu, akafungua rejista ya zamani, akamwonyesha: Esteria Longinus, alimaliza, alifaulu, alichaguliwa sekondari.

"Akanicheka," alisema Esteria. "Akaniambia, mama, wewe umekwishasoma, unatafuta nini tena? Nikaenda kwa mama yako, akanipa namba. Njoo tuonane. Njoo kabla hujachukua hicho cheti."

Simu ikakatika.

Zilikuwa zimebaki wiki tatu. Mbili za mitihani, ya tatu mahafali. Chuo kizima kilikuwa kimepagawa. Kamati ya mahafali iligombana asubuhi juu ya rangi ya kitenge na jioni juu ya keki. Nurudini, mwenyekiti wa kamati, alitembea na utepe wa kupimia shingoni, akipima viuno vya wasichana kwa bidii kuliko alivyowahi kupima pembetatu. Na kwenye meza ya ofisi ya taaluma, kwa mkufunzi Haidari, kulikuwa na orodha ya uhakiki wa majina. Kila mhitimu alitakiwa aende asome jina lake kama litakavyoandikwa kwenye cheti, aweke saini, na kama kuna kosa aandike kwenye safu ya marekebisho. Mwisho Ijumaa.

Tunu alipita mbele ya mlango ule mara nne Jumanne, na mara sita Jumatano. Mara moja aliingia kabisa, akaomba chaki, akatoka na chaki asiyoihitaji.

Hakutulia. Alifungua daftari la saikolojia ya elimu, akasoma ukurasa mmoja kutoka asubuhi hadi mchana, na ungemuuliza kilichoandikwa asingekwambia. Alifua nguo safi. Alianza kumwandikia Esteria ujumbe, akafuta, akaanza tena. Mara aliona huruma, mara alipandwa na hasira. Miaka kumi na miwili alikuwa wapi huyu mtu? Nani alikesha na fizikia? Nani alikwenda mazoezi ya kufundisha, akasimama mbele ya watoto themanini na tisa wa darasa la tatu, wakamwita Madamu Esta, wakalia siku anaondoka? Si Esteria wa Kumsenga. Ni yeye.

Kisha alikuwa anakumbuka kitu kingine, na hasira inamwishia. Esteria alikuwa wa kwanza darasani. Tunu alipoingia darasa lile kwa jina lake, mwalimu wa hesabu, kwa mazoea, alikuwa akiita: "Esteria, njoo utusaidie ubaoni." Halafu anamwona anayeinuka, anakumbuka, anaguna. Tunu alijifunza hesabu kwa aibu ile.

Alimpigia mama yake.

"Kwa nini ulimpa namba yangu?"

"Alikuja, akakaa, akanisalimia vizuri. Ningemnyimaje?" Mama alipoambiwa habari ya orodha ya majina, akasema: "Wewe weka saini, mwanangu. Marehemu baba yako aliliomba jina kwa heshima, likatolewa kwa heshima. Halikuibwa."

"Sasa anataka nini?"

"Hakuniambia. Nami sikumuuliza."

Usiku ule Firdausi alimwona anajigeuzageuza kitandani. "Esta, acha kuwaza ajira," akamwambia. "Tutatoboa tu." Tunu akaitikia kwamba ndiyo, ni ajira.

Alhamisi alfajiri alipanda basi la Kibondo. Njiani walisimamishwa, maofisa wa uhamiaji wakapanda kukagua vitambulisho, kama kawaida ya barabara zile za mpakani. Ofisa alitazama kadi ya Tunu, akamtazama usoni.

"Baba yako anaitwa nani?"

"Longinus."

Neno lilimtoka bila kukwama. Ofisa akamrudishia kadi, akaenda kwa abiria wa nyuma. Tunu alibaki ameishika, akamfikiria baba yake mzazi kaburini, ambaye alikuwa ametoka kumkana kwa mara ambayo hata hakuijua hesabu yake. Mara hii moja ilimuuma.

Kibondo mjini alichukua bodaboda hadi Kumsenga na kupita mbele. Alimkuta Esteria juu ya jabali nyuma ya nyumba, anaanika muhogo uliolowekwa. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, watoto wake wawili wako shule. Walisalimiana Kiha, mwidiwe kwa mwidiwe, wakiulizana habari za kila mtu kwa jina, na hakuna aliyekuwa na haraka mdomoni.

Waliingia ndani. Esteria akapakua maharage na viazi, akaweka mbele ya mgeni, naye akakaa.

"Siku aliyokuja baba yako," alianza, "nilikuwa jikoni nasonga ugali. Walikuwa watatu: baba yako, baba yangu, na mwalimu mkuu wa wakati ule. Baba yako aliomba vizuri sana. Baba yangu akasema, jina halili ugali, lichukueni. Wakacheka. Nikawapelekea chakula. Nikawanawisha mikono. Hakuna aliyeniuliza."

"Ungejibu nini?"

"Sijui. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Labda ningekubali, nilikupenda, ulikuwa unanipa andazi la nyumbani kwenu." Akamtazama sawasawa. "Ndiyo maana nimekuita. Niulize sasa. Niombe, kama mtu anavyoomba kitu kwa mwenyewe."

Tunu alipumua. Alikuwa Muha, alijua mambo ya kwao. Anayeomba jambo kubwa haombi amesimama. Huteremka chini, hupiga makofi ya polepole, husalimia nyumba na waliomo, ndipo hutaja shida yake. Na mtu akikuomba hivyo ndani mwako ni vigumu kumnyima, watu watakusema mpaka wajukuu. Kumbe ni hilo tu, alijiambia. Anataka heshima yake. Apewe, anastahili, kisha ataridhia, na mimi kesho nitaweka saini kwa moyo mweupe. Alikaribia hata kumpenda.

Akateremka mkekani. Akapiga makofi. Akasalimia nyumba, akamtaja mama mgonjwa aliyekwisha kufariki, akataja watoto wale wawili. Kisha akasema:

"Esteria, naomba jina lako."

Nje kuku walikuwa wameparamia muhogo, Esteria hakuinuka kuwafukuza.

"Hapana," akasema.

Tunu alidhani hajasikia vizuri. Alibaki pale chini, viganja vimekutana.

"Nimelifikiria sana," Esteria aliendelea, bila ukali. "Ukiniomba shamba nitakukatia. Jina sikupi, nalitaka mwenyewe. Lakini usiogope. Siendi polisi, siendi kwa mtendaji, siendi popote. Cheti chako kachukue, sitakuzuia. Ila usije ukasema nilikupa. Ukiulizwa siku yoyote, hata na mtoto wako, usiseme nilikupa." Akamsogezea sahani. "Kula. Viazi vinapoa."

Tunu alikula, maana kuacha chakula kungekuwa tusi la pili. Machozi yalimdondokea kwenye maharage, naye akayala hivyohivyo. Esteria akamzungumzia watoto, mvua, na mwanawe mkubwa anayependa hesabu. Jioni akamsindikiza hadi bodaboda ilipokuwa, wakaagana kwa makofi.

Laiti angemtukana. Ndivyo Tunu alivyowaza njia nzima. Angetukanwa, angepigwa hata kofi, angekuwa na cha kushika: mtu mbaya, mwenye wivu, anayetaka kumharibia. Sasa hakuwa na adui wa kumlaumu. Alikuwa ameruhusiwa kwenda na kitu cha watu, mwenyewe anamtazama.

Ijumaa saa nane mchana alikuwa mlangoni pa ofisi ya taaluma. Mkufunzi Haidari alikuwa mtu wa Tanga, mwenye miwani na subira, aliyewapenda wanachuo wake na kuficha jambo hilo kwa kuguna.

"Umebaki wewe peke yako, Esteria. Nilikuwa naifunga sasa hivi." Akamgeuzia orodha, akaweka kidole. "Angalia vizuri. Mwenzio Nurudini wamemwandika Nurudina."

Tunu akaangalia. Esteria Longinus. Herufi zote zilikuwapo, hakuna iliyozidi wala kupungua.

Saini ilikuwa kazi ya sekunde mbili. Alijua kabisa kinachomngoja upande wa pili: huenda mitihani asifanye, huenda vyeti vyote tangu kidato cha nne vikafutwa, huenda ikawa mahakama. Mama yake alikwishanunua nguo ya mahafali. Madamu Esta hatakuwapo tena, na Tunu Majaliwa, kwa karatasi za serikali, ni mtu aliyefeli darasa la saba.

"Kuna kosa?" aliuliza mkufunzi.

"Lipo."

"Basi andika kwenye marekebisho, niwatumie wanaoandika vyeti jioni hii."

Akamwachia kalamu, akageukia mafaili yake. Tunu akainama. Wenzake kwenye safu ile walikuwa wameandika mambo madogo madogo, herufi hapa, jina la kati pale. Aliandika polepole, kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni, akavuka mistari ya jedwali akaingia kwenye nafasi ya mtu mwingine, maana maneno yalikuwa mengi kuliko kisanduku. Akaweka kalamu chini.

Mkufunzi Haidari alivuta orodha, akapandisha miwani, akasoma kwa sauti ya chini kama alivyokuwa akiyasoma yote:

"Mwenye jina hili yuko Kumsenga. Hakuwahi kufanya mtihani. Anataka kusoma."

Akasoma tena, safari hii kwa macho tu. Kisha akainuka, akafunga mlango, akavuta kiti cha wageni.

"Kaa, binti," alisema. "Unaitwa nani?"