Kondoo Sitini Ndani ya Boma la Udongo

Shemeji yangu Wilf ana mdomo usiojua likizo. Asubuhi redio ilipotangaza dhoruba ya theluji, alinikuta nikiwapandisha kondoo kilimani na mbwa wangu Moss, akasimama katikati ya njia.

"Dhoruba inakuja, shemeji, na we ndo unapanda juu?"

"Nawapeleka bomani."

"Kwenye lile tuta la udongo? Serikali inalilinda kama kumbukumbu ya kale kwa sababu limeshakufa! Hata kigingi huruhusiwi kuchomeka. Walaze nyuma ya ukuta wa mawe, kama wangu."

"Wako walaze unapotaka. Hawa niachie."

"Haya. Hedley akitoka hospitali akute mizoga, mimi simo."

Hapo alinichoma. Mume wangu Hedley alikuwa amevunjika nyonga, na huu ndio msimu wa baridi wa kwanza nilioamua mambo peke yangu. Kondoo sitini, wote wana mimba, wazaliwa wa kilima hiki, wanaijua mipaka yake bila uzio. Wakifa hao, wa kununua watatawanyika tu, nasi tutafunga shamba. Lakini kwa miaka kumi na tisa nimepeleka nyasi kavu pale, na macho ninayo. Nyuma ya ukuta ulionyooka theluji hujaa na kumfukia aliyejificha. Boma la mviringo upepo hulizunguka, theluji ikarundikana nje. Waliolijenga miaka mia tatu iliyopita hawakuwa wajinga.

Dhoruba ilivuma siku mbili. Niliogopa, sitaficha.

Siku ya tatu, mchana, tukapanda, theluji kiunoni, Wilf nyuma akikanyaga nyayo zangu. Nje ya tuta theluji ilinipita kimo. Ndani, kondoo walikuwa wamesimama wakicheua, wakinitazama kana kwamba nimewacheleweshea chakula. Nikawahesabu mara mbili. Sitini! Nikapiga vigelegele hadi Moss akabweka.

Wilf akavua kofia. "Shemeji... wangu wamefukiwa."

"Chukua koleo. Kondoo hafi upesi chini ya theluji. Twende tukawafukue."

Jioni nikampigia Hedley.

"Wamebaki wangapi?" Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kata tamaa.

"Wote. Niliwatia bomani."

"Nani alikushauri?"

"Hakuna. Niliamua mwenyewe."

Akacheka kwa nguvu, mpaka nikamsikia muuguzi akimkemea.