Bwana Fausto na Mkewe

Katika kundi lile la marafiki, hakuna aliyejua kusindika nyanya kama Ornella. Kila Agosti, kwa miaka ishirini na miwili, walitoka Bologna wakaenda kupanga nyumba ileile kubwa ya mawe kwenye vilima vya mkoa wa Marche, na kila Agosti siku moja ya likizo ilikuwa ya nyanya. Siku hiyo Ornella ndiye aliyekuwa jemadari. Wengine waliosha, wakakata, wakazungusha mashine ya kukamulia, huku wakinywa divai tangu asubuhi kana kwamba wamealikwa harusini. Yeye alionja, akatia chumvi, akagomba. Kisha akaandika vibandiko vya chupa kwa mwandiko wake mzuri, kila nyumba na jina lake, na mwaka mzima watu wakala tambi kwa jasho lake wakimsifia.

Mwaka huu alikuja peke yake. Fausto, mumewe kwa miaka ishirini na tisa, alikuwa amehamia kwa Katia, mwanamke aliyekuwa akimkanda goti kliniki. Goti lilipona. Fausto alichukua mbwa na kijumba chao cha ufukweni, na Ornella hakumgombea hata kimoja. Alichoogopa kupoteza ni marafiki. Bila wao, alijua vizuri, angebaki na kuta nne na televisheni.

Ndiyo maana mwezi Mei, Mirella, shoga yake tangu shule, alipompigia simu kumwambia, "Mwaka huu tumepata wiki moja tu, shoga, mwenye nyumba ana wageni wake, lakini chumba chako kipo palepale," Ornella alilia kwa furaha na simu mkononi.

Alhamisi ya wiki hiyo waliamka alfajiri. Kufikia saa tano chupa zote zilikuwa zimejazwa, jani moja la mrihani ndani ya kila chupa, vizibo vimegongwa, na zimepangwa kwenye pipa la maji uani, matambara katikati zisigongane. Moto ulikuwa unawaka chini ya pipa. Wenzake walikwenda kuoga kwenye bwawa. Ornella alibaki kuuchunga moto, amekaa kwenye kiti cha majani, ameridhika.

Akatokea Assunta, mama mzee aliyeitunza nyumba ile, shuka safi zikiwa begani.

"Ornella, mwanangu, hebu nisaidie. Jumamosi chumba chako nikitandike upya au nikiache?"

"Jumamosi si tunaondoka, mama? Watandikie hao wageni wanaokuja."

"Wageni gani tena? Nyie mpo mpaka wiki ijayo." Assunta akachomoa karatasi mfukoni mwa aproni. "Kaandika Mirella. Nisomee, miwani nimeiacha nyumbani. Kaniambia Bwana Fausto na mkewe wanaingia Jumamosi chumba chako cha juu. Nikajiuliza, huyu mkewe mbona keshafika?" Akacheka.

Ornella akasoma. Mwandiko ulikuwa wa Mirella kweli. Wiki ya pili, chumba cha juu, Fausto na mkewe. Shuka zibadilishwe. Godoro ligeuzwe.

Godoro ligeuzwe! Talaka yenyewe ilikuwa haijatoka. Mbele ya sheria mke wa Fausto alikuwa bado ni yeye, aliyekaa pale na moshi machoni.

"Mbona umebadilika hivyo?" Assunta akauliza.

"Moshi tu, mama. Tandika. Na godoro uligeuze, wamesema."

Alipobaki peke yake, wiki nzima ilimrudia. Mara ngapi alikuwa ameingia jikoni wakanyamaza ghafla? Alidhani ni huruma. Gualtiero, mumewe Mirella, alikuwa akimjazia glasi kila jioni na kumpigapiga begani, na kumbe wote wanne, yeye na Mirella, Ivo na Donata, walijua. Walikuwa wamemgawia wiki ya nyanya, na wiki ya kustarehe wakampa mwenzake. Akataka kulipiga pipa teke.

Badala yake aliingia ndani, akachukua karatasi na kalamu, akaandika vibandiko kama kila mwaka. Kisha akapanga meza ya chakula cha mchana, na kwenye sahani akaweka vibandiko hivyo.

"Jemadari wetu!" Gualtiero alikuja akijifuta nywele kwa taulo. "Leo tunakula kwa majina kama kwenye karamu ya balozi?" Akasoma kwa sauti. "Mirella na Gualtiero. Ivo na Donata. Fausto na..."

Taulo likabaki kichwani.

"Malizia, shemeji," Ornella alisema. "Au mwandiko wangu hausomeki leo?"

Ivo akatazama viatu vyake. Donata, mkewe, akainuka eti anafuata mkate, na mkate ulikuwa mezani.

"Tulitaka usiumie," Mirella alisema. "Nilikuwa nitakwambia, wallahi, tukirudi mjini."

"Mkirudi na chupa zangu?"

"Ornella, na Fausto ni rafiki yetu," Gualtiero akasema. "Ulitaka tufanyeje? Tumkate vipande?"

"Nilitaka mniambie! Ningekuja, ningekaa, hata huyo Katia ningemmenyea nyanya. Lakini mnanidanganya, mnanichekea, halafu mnanipa kazi! Mmenigeuza kibarua, Mirella. Kibarua naye huambiwa ukweli."

Ornella akapanda juu, akapakia nguo zake, akapita katikati yao na sanduku. Hakuna aliyemzuia. Ivo alimfungulia mlango, kwa adabu kabisa.

Mirella alimfuata mpaka kwenye gari, analia, anajifuta macho kwa aproni yenye madoa ya nyanya. Ornella alikuwa amekwisha kuwasha injini, lakini akashusha kioo. Pamoja na yote, alikuwa anangoja. Neno moja tu la "baki" lingemtosha, angezima gari na kurudi ndani, na aibu hiyo angeimeza.

"Ornella," Mirella alisema.

"Sema."

"Lile pipa..." Mirella alivuta kamasi. "Chupa tunazitoa saa ngapi?"

Ornella akatia gia.

"Msiziguse leo. Zichemke saa moja nyingine, moto uachwe ufe wenyewe, maji yapoe kabisa. Mzitoe kesho. Mkizitoa za moto zitawapasukia mikononi."

"Asante, shoga yangu."

Akapandisha kioo, akashuka kilima. Njia nzima hadi Bologna alijitukana kwa kumwambia ukweli.