Bendera Nyekundu ya Shemeji

Diski yetu ya enzi zile ilikuwa kubwa kama mashine ya kufulia, na ikitetemeka vivyo hivyo. Tuliifunga mnyororo isije ikatoka nje kutembea. Wanaobisha hawakuwepo.

Tulikuwa tunaunda mfumo wa kompyuta. Maombi ya kuandika kwenye diski yalipanga foleni, na diski ikayachukua ilivyopenda ili kuokoa muda. Mimi nikabuni bendera mbili. Ombi lenye bendera ya kijani halipiti wala halipitwi. Lenye nyekundu linawekwa mbele ya yote, hata ya kijani, kwa dharura tu.

Wa kwanza kumwonyesha alikuwa shemeji, mume wa dada yangu, ambaye kazi pale nilimtafutia mimi. Programu yake na yangu zilikuwa zikishindana. Moja tu ndiyo ingeingia kwenye mfumo.

"Nyekundu hatuigusi, shemeji."

"Naanzaje? Dada yako si atanifukuza nyumbani!"

Siku ya majaribio, programu yake ilipaa. Yangu ikabaki nyuma kama mgeni asiyealikwa. Nikachungulia foleni: nyekundu, nyekundu, nyekundu. Kila ombi lake!

"Shemeji, ndiyo nini hii?"

"Dharura," akanong'ona, macho pembeni. "Nina haraka."

Mkuu wetu, mama tuliyemwita Radi, alikuwa na mtindo wake: katikati ya jaribio anang'oa waya wa umeme aone nini kimesalia kwenye diski. Akang'oa.

Tulipowasha tena, faili yangu ilikuwa fupi lakini haina pengo. Ya shemeji ilikuwa mkia bila kichwa. Kila "mimi kwanza" alikuwa amekaa mbele ya "mimi kwanza" aliyemtangulia, hivyo aliyekuja mwisho ndiye aliyeandikwa mwanzo.

Kicheko kilishafika kooni, shemeji akaniwahi. "Mama, bendera ni zake huyu. Nilimwonya kuwa ni mbovu."

"Kweli?" Radi akaniuliza.

Ningesema. Lakini dada alikuwa na mtoto mchanga, na Radi hakujua kufukuza mtu nusu nusu. Nikaitikia kwa kichwa. Bendera zikafutwa zote, hata ya kijani isiyo na kosa, na programu yangu iliyoiegemea ikaenda nayo.

Mpaka leo shemeji akija kwangu hushika mlango na kusema, "Tangulia, shemeji."

Sitangulii. Nangoja aingie yeye, mgongo wake niuone.