Sauti ya Baba Kija

Watu wa Bunda hawaagizi kitu kwa picha. Picha ya dagaa, wanasema, mtu yeyote anaweza kuiokota mtandaoni. Wao wanataka voisi. Wamsikie mtu anahema, anakohoa, anacheka, ndipo waagize. Na sauti waliyoizoea ilikuwa ya Stanslaus wa Mwisenge, Musoma, ambaye alikuwa amelala kaburini Butiama tangu kabla ya Pasaka.

Boti ilipinduka akitoka kuchukua mzigo wa dagaa kisiwani Rukuba. Mkewe, Getruda, alibaki na mtoto wao Kija, na simu ya marehemu, na wateja. Wa kwanza kuandika baada ya mazishi alisema, "Baba Kija, mbona kimya? Tuma voisi." Getruda alikusudia kumweleza. Lakini kidole kilipanda juu, kikakuta voisi ya zamani: "Mzigo upo, mama yangu. Msafi, hauna mchanga. Naupakia kwenye basi, ukiuona ndiyo ulipe." Akaituma hiyohiyo. Mteja akaagiza.

Mwanzoni ilikuwa njaa tu, tusimsingizie. Baadaye ikawa kitu kingine. Majibu yalikuja ya kumtania mumewe, ya kumtakia safari njema, naye aliyasikiliza jikoni akitabasamu peke yake. Kule Bunda Stanslaus alikuwa bado hai. Nani angekuwa na moyo wa kumuua tena?

Ndiyo maana Recho alimuudhi. Recho, mzaliwa wa Butiama anayeishi Denmark, aliona tangazo la dagaa wao, akamlipia mama yake oda nzima bila kuuliza lolote. Getruda akampigia.

"Dada, unalipaje bila hata kumsikia muuzaji?"

"Huku ndiyo mazoea. Tunalipa kwanza, ukitapeliwa benki inakurudishia. Mimi hata sijui kama wanaoniuzia wako hai au wamekufa."

Getruda alikata simu. Palepale akamtumia Bhoke, mama ntilie wa stendi ya Bunda, voisi tatu mfululizo, wakati Bhoke alikuwa ameomba moja tu.

Kesho yake Bhoke akapiga hodi Mwisenge, hata kiti alichopewa hakukitaka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Niitie baba Kija."

"Ametoka kidogo."

"Mama Kija, mimi nafugaga kuku, jogoo nawajua. Kwenye kila voisi ya mzigo kuna jogoo anawika palepale baba Kija anaposema mchanga. Masika yote, jogoo yuleyule?" Akageuka kuutazama mlango. "Mimi nilikuwaga namkaribisha kwangu aje ale ugali. Juzi mtu akabisha mlangoni, nikasema karibu, nikafungua. Hakuna mtu! Sasa niambie, nimemkaribisha nani?"

Hofu ilimshika Getruda, na chini ya hofu kulikuwa na wivu. Usiku ngapi amelala akisikilizia mlango huu! Kwa nini abishe Bunda, asibishe hapa?

Alipoona anamwonea kijicho mtu aliyejaa hofu, aliona aibu. Akachukua simu, akabonyeza, akasema mbele ya Bhoke: "Mimi ni Getruda, mama Kija. Baba Kija alikufa. Aliyekuwa anawajibu ni mimi." Akawatumia wote.

Simu ikalia kwenye mkoba wa Bhoke. Maneno alikuwa ameyasikia kwa masikio yake, lakini aliitoa, akaiweka sikioni, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akavua viatu, akaketi sakafuni bila kungoja mkeka, akaangua kilio kama mtu aliyefika msibani. Juu ya meza simu ya Stanslaus nayo ilianza kuita, ikakata, ikaita tena. Bunda walikuwa wamesikia.

Yunis, jirani aliyekuwa nao Butiama siku ya kuzika, alikuja mbio mkono ukiwa na povu la sabuni.

"Jamani, kuna nini? Nani amekufa?"

Getruda akaketi sakafuni kando ya Bhoke.

"Mume wangu," akasema.